Mdomo wa Carmen, Sauti ya Nani?

Katika filamu ya Carmen Jones ya mwaka 1954, Dorothy Dandridge anaingia kwenye bwalo la chakula la kiwandani, sketi nyekundu na blauzi nyeusi, wanaume wanageuza shingo, naye anaanza kuimba. Mabega ni yake, macho ni yake, na ule mwendo unaowafanya askari wasahau sahani zao ni wake. Sauti si yake. Ni ya Marilyn Horne, msichana Mzungu wa miaka 20 aliyekuwa anajifunza uimbaji wa opera. Dandridge alikuwa mwimbaji wa vilabu vya usiku aliyeanza kupanda jukwaani akiwa mtoto, lakini muziki ulikuwa wa Georges Bizet, na watengenezaji wa filamu walitaka uimbwe kwa koo la opera. Mpenzi wake ndani ya hadithi, Harry Belafonte, naye aliimbiwa na LeVern Hutcherson. Miaka miwili baadaye Belafonte huyohuyo alitoa santuri ya kalipso iliyonunuliwa dunia nzima kwa ajili ya sauti yake. Tunachokitazama, basi, ni waimbaji wawili wanaopendana mbele ya kamera huku wakifumbua midomo kufuata pumzi za watu wengine.

Nimeitazama filamu hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara kinachonisumbua ni kilekile. Inapohusu hadithi iliyotoka kitabuni kwenda kwenye skrini, mabishano yetu huanzia mahali pamoja na kuishia hapohapo: filamu imekifuata kitabu au imekiharibu? Watu hutoka ukumbini wakihesabu vilivyoachwa, mhusika fulani hayupo, mwisho umebadilishwa, mvua haikunyesha siku ile. Kipimo hicho kina nafasi yake, ila kwa hadithi za mapenzi zinazobebwa na muziki kinapima kitu kidogo. Swali zito zaidi ni la sauti. Katika safari ya kutoka karatasi hadi wimbo, na kutoka wimbo hadi picha, nani amepewa sauti, nani amenyang'anywa, na ile tunayoisikia inatoka kifuani mwa nani?

Hakuna hadithi inayolijibu swali hili vizuri kama ya Carmen, kwa kuwa yeye mwenyewe alizaliwa bila sauti.

Prosper Mérimée aliichapisha hadithi yake mwaka 1845 katika jarida la Revue des Deux Mondes la Paris. Msimulizi ni msomi wa Kifaransa anayezunguka Andalusia, kusini mwa Hispania, akitafuta mahali palipopiganwa vita vya kale vya Munda. Njiani anakutana na jambazi na kuvuta naye sigara. Mjini Córdoba anakutana na mwanamke wa Kiroma, na katika mkutano huo saa yake inaibiwa. Baada ya miezi kadhaa anamkuta yule jambazi, Don José, yumo gerezani akingoja siku ya kuuawa, na hapo ndipo José anapoeleza jinsi alivyokuwa askari, jinsi alivyompenda mfanyakazi wa kiwanda cha tumbaku cha Seville, na jinsi alivyomuua.

Ukisoma kwa makini utaona Carmen anatufikia kwa mikono ya wanaume wawili, mtalii aliyeibiwa saa na muuaji anayetafuta kueleweka. Karibu kila neno lake limepita kwanza kwenye kumbukumbu ya mtu aliyemchoma kisu. Baadaye Mérimée aliongeza sura ya nne, na sura hiyo haina hadithi hata chembe. Ni maelezo makavu kuhusu Waroma, mila zao na lugha yao. Mwanamke ameshazikwa, msomi anafungua daftari na kuanza kueleza kabila la marehemu. Sijui hitimisho la mapenzi lililo baridi kuliko hilo, na siamini kwamba Mérimée hakujua alichokuwa anafanya. Hadithi yake ni kali kwa sababu hiyohiyo: inatuonyesha mwanamke ambaye kila mtu anamzungumzia.

Miaka 30 baadaye, tarehe 3 Machi 1875, opera ya Bizet ilifunguliwa kwenye ukumbi wa Opéra-Comique, Paris. Watunzi wa maneno, Henri Meilhac na Ludovic Halévy, walikivunja kitabu bila huruma. Mume wa Carmen, García, walimfuta. Mpiganaji ng'ombe, ambaye kitabuni ni mtu wa kupita tu, walimkuza akawa Escamillo mwenye kishindo. Walimbuni Micaëla, msichana mpole wa kijijini ambaye Mérimée hakumfahamu. Kwa mizani ya wale wanaohesabu vilivyoachwa, kazi hiyo imefeli mtihani. Lakini waandishi hao walifanya jambo moja lililofuta madeni yote: waliwatoa wasimulizi wote wawili. Jukwaani hakuna msomi wala hakuna mfungwa anayekumbuka. Carmen anatoka mlangoni na kuimba mwenyewe, na kuanzia hapo hakuna mwanaume awezaye kusimama kati yake na sisi.

Hapo ndipo nilipoelewa nguvu ya muziki katika hadithi za mapenzi. Msimulizi anaweza kutuambia kwamba mwanamke fulani alikuwa huru, na tukamwamini au tukakataa. Mwanamke akiimba uhuru wake, ubishi unakwisha, maana pumzi haina mwakilishi. José wa opera bado ana wimbo wake, tena mzuri mno, wimbo wa mtu anayeomba na kulia. Carmen haombi. Anaimba kama mtu aliyekwisha amua, na tofauti hiyo ya namna ya kuimba inatuambia mwisho wa hadithi mapema kuliko kisu. Célestine Galli-Marié, mwimbaji wa kwanza wa nafasi hiyo, hakuridhika na wimbo wa kuingilia aliotungiwa mwanzoni, na Bizet akauandika upya hadi akapata unaomtosha. Kwa maneno mengine, sauti ya Carmen ilipatikana kwa sababu mwanamke aliyetakiwa kuivaa alisema hainitoshi.

Bizet hakuishi kuona mafanikio. Alifariki tarehe 3 Juni mwaka uleule akiwa na miaka 36, wakati watazamaji wa Paris wakiwa bado wananung'unika kuhusu mwanamke wa namna ile kuuawa mbele ya familia zao.

Kuna jambo jingine katika wimbo ule wa kuingilia, ile habanera ijulikanayo hata na watu ambao hawajawahi kuiona opera. Bizet aliiokota akidhani ni wimbo wa jadi usio na mwenyewe. Kumbe ulikuwa na mtunzi, Mhispania Sebastián Iradier, aliyefariki mwaka 1865. Bizet alipojulishwa, aliweka maelezo kwenye maandishi ya muziki wake kwamba wimbo umetoka kwa mwingine. Iradier naye alikuwa amefuata mtindo wa Kuba, kisiwa ambacho mapigo yake ya ngoma yalijengwa kwa kiasi kikubwa na Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Kwa hiyo wimbo uliompa uhai mwanamke wa Seville aliyeandikwa na Mfaransa una ukoo unaopita Havana na kugusa pwani ya Afrika. Kuazima hakukuanza na sinema, na si aibu. Kwa Bizet naona funzo dogo la adabu: alichukua, akagundua kina mwenyewe, akasema.

Hollywood ilikuwa na adabu nyingine. Carmen Jones ilikuwa kwanza tamthilia ya Broadway ya mwaka 1943, Oscar Hammerstein II akiwa ametunga maneno mapya ya Kiingereza juu ya muziki wa Bizet na kuihamishia hadithi Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia. Kiwanda cha tumbaku kikawa cha miavuli ya askari wa angani, mpiganaji ng'ombe akawa bondia, na wahusika wote wakawa Wamarekani Weusi. Otto Preminger aliipeleka kwenye filamu mwaka 1954. James Baldwin aliiandikia insha kali. Aliona kwamba ulimwengu wa watu Weusi uliomo ndani yake umefungwa ndani ya chupa, umetengwa na maisha halisi ya Marekani, ili mtazamaji asisumbuliwe na lolote. Hata hivyo filamu hiyohiyo ilimfanya Dandridge mwanamke wa kwanza Mweusi kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Ilimpa skrini nzima, na ikambakiza nusu ya mwili wake.

Msikilize anapozungumza, kisha msubiri anapoanza kuimba. Katika maneno ya kawaida ana sauti ya chini, ya mtu anayejua kukejeli kwa nusu ya sentensi. Wimbo ukiingia, anaingia mtu mwingine, safi, mrefu wa pumzi, aliyefunzwa. Horne aliimba kwa ustadi na baadaye akawa mmoja wa waimbaji wakubwa wa opera duniani, kwa hiyo kosa si lake. Lakini mshono unaonekana, kama gauni lililoungwa kwa kitambaa cha rangi inayokaribiana. Kinachouma zaidi ni kwamba ndani ya filamu hiyohiyo Pearl Bailey na Olga James waliachwa waimbe wenyewe. Nafasi ya mapenzi, nafasi ya kutamaniwa, ndiyo iliyoonekana kuhitaji koo la mwingine.

Miaka kumi baadaye Hollywood ilijichekesha yenyewe bila kujua. George Bernard Shaw alikuwa ameandika Pygmalion, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1913, tamthilia ya profesa wa matamshi anayemfundisha muuza maua wa London kusema kama mabibi wa tabaka la juu. Ni hadithi ya mwanaume anayetengeneza sauti ya mwanamke na kushangaa kugundua kwamba ndani ya sauti kuna mtu. Shaw alikataa kabisa wawili hao waishie kwenye mapenzi, hata akaandika maelezo marefu ya kueleza kwamba Eliza aliolewa na kijana mwingine. Shaw alipokwisha kufa, hadithi ikawa muziki wa jukwaani kwa jina la My Fair Lady, na mwaka 1964 ikawa filamu ambayo mwisho wake unamrudisha Eliza chumbani kwa profesa. Julie Andrews, aliyeiimba nafasi hiyo jukwaani, hakupewa filamu. Nafasi alipewa Audrey Hepburn, kisha nyimbo zake nyingi zikapachikwa sauti ya Marni Nixon, ambaye jina lake halikuandikwa. Nixon ndiye pia aliyemwimbia Natalie Wood katika West Side Story, nayo ni Romeo na Juliet ya Shakespeare iliyohamishiwa mitaa ya New York. Tazama mpangilio ulivyo: hadithi inayosema huwezi kumvalisha mtu sauti kisha ukadhani umemmiliki, imetengenezwa kwa kumvalisha mwigizaji sauti na kumficha mwenye nayo.

Ningeweza kumalizia hapo kwa hukumu rahisi, kwamba kila anayeonekana lazima aimbe mwenyewe. Bombay inanizuia.

Katika filamu za Kihindi, tangu miaka ya 1930, kuimbiwa kulikuwa ndiyo desturi. Mwigizaji anafumbua mdomo, mwimbaji yupo studio. Mwanzoni nako kulikuwa na kuficha. Filamu ya Mahal ilipotoka mwaka 1949, wimbo wake maarufu, unaoimbwa na Madhubala kwenye skrini, uliandikwa kwenye santuri kwa jina la Kamini. Kamini ni mhusika wa hadithi. Yaani aliyetajwa kuwa mwimbaji ni mtu asiyekuwepo duniani. Wasikilizaji wa redio walidai kujua ni nani hasa, na jina la Lata Mangeshkar likatoka. Baada ya hapo mambo hayakurudi nyuma tena. Waimbaji wa nyuma ya pazia wakawa nyota sawa na waigizaji, picha zao kwenye majalada, majina yao midomoni mwa watu. Raj Kapoor aliimbiwa na Mukesh kwa miaka mingi, na inasimuliwa kwamba Mukesh alipofariki mwaka 1976, Kapoor alisema amepoteza sauti yake. Hakuna mtazamaji aliyedanganyika. Kila mtu ukumbini alijua anaangalia watu wawili wanaofanya mpenzi mmoja, na akawapenda wote wawili. Kuazima kukiwa wazi hugeuka ushirika.

Pwani ya Afrika Mashariki ililijua hilo kwa masikio. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilijaza kumbi za Unguja na Dar es Salaam, na waliotoka humo, wengi wao hawajui Kihindi, walitoka na nyimbo. Walichoondoka nacho ni tuni, na tuni ikatafuta maneno. Mombasa ikampata mtu wa kuyatia. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba taarabu ya mtindo wa Kihindi kiasi kwamba anayesikia kwa mbali angeweza kudhani ni sinema, mpaka akakaribia na kukuta ushairi wa Kimvita. Tungo zake nyingi zilitoka kwa jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita.

Kazi hiyo inastahili heshima kubwa kuliko tunayoipa. Ukichukua tuni ya filamu hutafsiri kitu. Wimbo wa kwanza labda ulisema habari za mvua na mpenzi aliye mbali, ila wewe huna haja nao. Una mapigo yaliyokwisha pangwa, mahali pa kupandisha na pa kushusha, na una ushairi wenye sheria zake za vina na mizani ambazo hazijali studio ya Bombay inataka nini. Mshororo wa mizani kumi na sita ukikutana na tuni iliyokatwa kwa lugha nyingine, mmoja lazima ajikunje. Mwimbaji hodari huvuta irabu hapa, hurudia kipande pale, huiachia tarumbeta au kinanda kijaze pengo, na kina kinatua penye kutua. Kinachozaliwa ni kisa kipya kabisa: mafumbo, masuto, nasaha, wivu wa mtaani, mambo ambayo Madhubala hakuyaota. Filamu huchukua kitabu na kukipa sauti. Mombasa ilichukua sauti ya filamu na kuirudishia ushairi. Ni safari ileile imegeuzwa kichwa chini, na ninadai kwamba waliofanya hivyo walijua mengi kuhusu kuhamisha hadithi kuliko studio nyingi zilizokuwa na pesa.

Wapo waliowalaumu kuwa ni wizi. Mimi naona tofauti. Hakuna aliyeketi kwenye arusi ya Mombasa akidhani tuni ni ya Mombasa. Furaha yenyewe ilikuwa kuitambua, kusema hii ni ya filamu fulani, kisha kusikiliza imefanywa nini. Mkopo ulikuwa hadharani, na mkopaji alikuwa na chake cha kuweka juu ya meza.

Kwa kipimo hicho nairudia Carmen, na safari hii iko Afrika. Joseph Gaï Ramaka wa Senegal alitoa Karmen Geï mwaka 2001. Muziki wa Bizet karibu wote aliuweka kando. Hadithi inaanzia gereza la wanawake la kisiwa cha Gorée, kisiwa ambacho hakuna Mwafrika anayelisikia jina lake bila kukumbuka minyororo, na Karmen, aliyeigizwa na Djeïnaba Diop Gaï, anacheza sabar mbele ya mkuu wa gereza mwanamke huku ngoma za Doudou N'Diaye Rose zikilia. Mpenzi wa kwanza anayeporomoka kwa ajili yake si askari bali ni mkuu huyo wa gereza. Sauti ya Carmen hapa imehamia kwenye ngoma na miguu, kisha kwa waimbaji wa nchi, akiwemo Yandé Codou Sène, aliyekuwa mghani wa Rais Senghor. Ndipo sauti ilipogeuka kesi. Kwenye mazishi ya yule mkuu wa gereza, aliyekuwa Mkristo, filamu iliweka kasida ya Kimuridi, na wafuasi wa tarika hiyo wakaandamana hadi filamu ikaondolewa kwenye kumbi za Dakar. Unaweza kuwa upande wa Ramaka au upande wao. Lakini zingatia kilichobishaniwa. Waandamanaji walisimama kwa sababu ya sauti moja takatifu iliyowekwa juu ya mwili wasioridhia iwekwe. Walikuwa wanauliza swali letu, kwa lugha ya imani.

Mwaka 2005 ikaja U-Carmen eKhayelitsha, iliyoongozwa na Mark Dornford-May, Mwingereza aliyefanya kazi Afrika Kusini, na tuzo ya Dubu wa Dhahabu ya tamasha la filamu la Berlin ikaenda kwao. Hii ilifanya kinyume cha Ramaka: ilibaki na Bizet. Ni opera ileile, kwenye mtaa wa Khayelitsha pembeni mwa Cape Town, wafanyakazi wa kiwanda cha sigara, polisi, vumbi na nyumba za mabati, yote yakiimbwa kwa Kixhosa. Anayeigiza Carmen ni Pauline Malefane. Anayeimba ni Pauline Malefane. Na aliyeyahamishia maneno kwenye Kixhosa, pamoja na Andiswa Kedama, ni Pauline Malefane. Miaka 51 baada ya Preminger kuona kwamba Dandridge hawezi kuubeba muziki wa Bizet kwa koo lake, mwanamke mmoja Mweusi aliubeba kwa koo, kwa mwili na kwa kalamu. Vidoko vya Kixhosa vinagonga katikati ya sauti ndefu za opera, na badala ya kuuvunja muziki vinaupa meno. Carmen huyu si mwembamba wa kwenye mabango. Ni mwanamke mnene wa mtaani anayetembea kama mwenye barabara, na anapokataa kurudi kwa mwanaume, unasikia uzito wa anayekataa.

Filamu hizo mbili zinakinzana katika kila kitu. Moja ilitupa muziki, nyingine ikaushika wote. Moja ilibadili mapenzi yenyewe, nyingine ikayaacha. Mtu wa kuhesabu uaminifu angelazimika kuchagua moja. Mimi sichagui, kwa sababu zote mbili zilimaliza kazi iliyoanzwa na Galli-Marié, kumpatia Carmen sauti inayomtosha aliyeivaa.

Kwetu nako kuna mfano. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1999, na wanafunzi wengi wa Tanzania wameisoma wakiwa na mtihani mbele yao, jambo ambalo huua mapenzi ya riwaya haraka kuliko Don José. Amil Shivji aliipeleka kwenye filamu mwaka 2021. Ilionyeshwa Toronto, na mwaka uliofuata Tanzania ikaiwasilisha kuwania Oscar. Mnajua kisa: Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa mwanaume mzee kuliko yeye, anatoroka na kukimbilia mtaa wa Ng'ambo kwa Mwajuma, anampenda Denge, kijana wa harakati anayewindwa na serikali ya kikoloni. Riwaya ni ndefu, ina wahusika wengi na safari nyingi, wakati filamu haifiki dakika mia. Wasomaji waliolalamika walikuwa na haki ya kukumbuka yaliyoachwa.

Lakini kuna kitu ambacho Adam Shafi, pamoja na ufundi wake wote, hakuweza kukitia kwenye karatasi. Mwandishi anaweza kuandika kwamba Mwajuma aliimba. Anaweza kutuelezea umati na namna watu walivyotuza. Wimbo wenyewe msomaji analazimika kuutunga kichwani, na msomaji asiyejua taarabu atabaki na neno tu. Katika filamu Mwajuma ni Siti Amina, ambaye nje ya filamu ni mwimbaji na mpiga udi wa Zanzibar. Mdomo ni wake na kifua ni chake. Mapenzi ya Yasmin na Denge yanaweza kuwa na upungufu wa muda, ila nyumba ya Mwajuma ina ushahidi: hapa ndipo mwanamke aliyekatazwa kusema alipojifunza kwamba sauti inaweza kutumika. Huo ndio moyo wa riwaya kwa jinsi ninavyoisoma, na filamu imeufikia kwa njia ambayo kitabu hakikuwa nayo.

Kuna filamu nyingine ninayoingojea, na sijasikia kwamba yupo anayeitengeneza. Ni ya Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili, kabla ya sauti za Bombay hazijaja kwetu na picha. Kitabu kipo, ni wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert. Na katika nyimbo zake kuna Kijiti, kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, muuaji akatoroka, na sheria ikawageukia wanawake waliotoa ushahidi. Ni mauaji ya mwanamke, kama ya Carmen. Tofauti ni kwamba Mérimée alimpa muuaji nafasi ya kusimulia, na Siti hakumpa. Muuaji ametajwa jina na kushtakiwa ndani ya wimbo, na aliyeshika kalamu ya mashtaka ni mwimbaji.

Atakayeitengeneza filamu hiyo atakutana na uamuzi uleule wa mwaka 1954. Zipo santuri za Siti zenye mikwaruzo, na mwigizaji anaweza kufumbua mdomo kuzifuata. Yupo pia mwimbaji hai anayeweza kuziimba upya kwa pumzi zake. Ushauri wangu ni wa kutumia zote mbili bila kuzichanganya. Santuri isikike ikiwa santuri, kwa jina la mwenyewe, na mwigizaji aimbe kwa sauti yake hata kama haifiki ya Siti, kwa sababu watazamaji wa pwani walikwisha jifunza zamani kuwapenda watu wawili kwa mara moja. Na ikifika zamu ya Kijiti, mwongozaji asitie msimulizi. Asilete mpelelezi wala mwandishi wa magazeti wa kutueleza kilichotokea. Kisa hicho kilikwisha simuliwa na wanawake waliokuwepo, na wimbo wao haujaomba mkalimani.